Kifuniko Nilichopepelea Moto

Siku chache baada ya arobaini ya Fundi Nassor, mkewe, Bi Zuwena, alinipigia simu akasema niende Temeke nikachukue kitu changu. Nikamwambia, mama, mie sina kitu pale, niliondoka na mikono yangu tu. Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. "Kipo," akasema. "Marehemu alikining'iniza juu ya mlango miaka yote. Njoo na mdogo wako." Simu ilipokatika niliendelea kuishika. Mdogo wangu Mwantumu anaishi Kimbiji, na kwa miaka mingi tumekuwa tukionana kwenye Idi, kwenye misiba na kwenye harusi, yaani kama wanavyoonana watu wa ukoo, si kama wanavyoonana watu waliowahi kulala kitanda kimoja. Akija kwangu Goba hupiga hodi mlangoni na kungoja. Hunywa chai aliyomiminiwa. Hajawahi kuniuliza kisu kiko wapi. Mwaka ninaotaka kuuandika hapa ndio mwaka wa mwisho ambao Tumu hakunipigia hodi.

Habari za wazazi wetu nitaziacha. Yatosha kusema kwamba tulibaki wawili, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na yeye tisa, kwenye chumba kimoja cha kupanga Temeke, na kwamba shule nilikuwa nimeshaiacha nikiwa kidato cha pili. Mwaka wenyewe ulianza siku ya pili ya Idi kubwa, baba yetu mdogo alipotoka Kimbiji na nusu gunia la mihogo begani. Alikaa kitandani kwa kuwa kiti hatukuwa nacho. Alitazama ukuta, dirisha, ndoo ya maji, sare ya Tumu iliyoning'inia kwenye msumari. Hakuwa mtu mkali. Alisema taratibu, kama anayepima maneno kwenye kiganja: "Saada mwanangu, mtoto huyu nilikuja kumchukua. Umeniomba nimwache, nimekusikia. Nakupa mpaka Idi kubwa nyingine. Nikija nikamkuta anasoma, anakula, na ni mzima wa mwili, nitawaachia maisha yenu. Nikikuta vingine naondoka naye, na usinililie." Tumu alikuwa nyuma ya pazia, amejifanya amelala. Baba mdogo alipoondoka alichomoza kichwa. "Mzima wa mwili ndiyo nini, dada?" Nikamwambia ni kutoumwa. Akasema, "Basi siumwi," akarudi kulala, kana kwamba shauri lilikuwa limekwisha.

Wakati huo nilikuwa na miezi michache tu kwenye karakana ya Fundi Nassor. Karakana yenyewe ilikuwa sebule ya mbele ya nyumba yake, nyumba ya zamani yenye baraza la saruji na ua nyuma, ambako Bi Zuwena alipikia. Familia yao ilikuwa ya Waarabu wa miaka mingi pale Temeke. Baba yake Fundi alikuwa na duka la vitambaa, na kaunta ya duka ndiyo iliyokuja kuwa meza yetu ya kazi, bado ina ile fimbo ya kupimia kitambaa iliyopigiliwa ukingoni. Niliingia pale kufagia. Siku moja Fundi aliniona nakunja waya mrefu, akanitazama hadi nikamaliza, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia hakuna, nakunja kama ninavyosuka mkeka. Kesho yake akaniondolea ufagio akanipa bisibisi.

Tulitengeneza raki. Raki ni kabati la chuma lisilo na milango, karibu kimo cha mtu, ambamo vyombo vya muziki hupachikwa kimoja juu ya kingine: mixa, amplifaya, na vile vidude vya kusafisha sauti. Msikitini utaiona ndogo imekaa kwenye kona. Kwenye kumbi za harusi na ngoma za mtaani ni kubwa, inabebwa na watu wanne. Mbele ya raki ni pazuri, taa na vitufe, ndipo watu wanapopigia picha. Kazi iko nyuma. Na nyuma, chini kabisa, palikuwa na kibao cheusi chenye safu ya skrubu za shaba, mahali ambapo umeme wa ukutani huingia na kugawanywa kwenda kwa kila chombo. Skrubu hizo Fundi aliziita meno. Kiwandani hutoka zimefunikwa, lakini raki zilizotufikia zilikuwa zimepita mikono mingi, vifuniko vimepotea zamani, meno yako nje yanang'aa, na ukiyagusa hayakupi nafasi ya kujuta. Fundi hakuruhusu raki itoke hivyo hata kama mteja ameleta amplifaya tu. Alikata vifuniko kwenye madumu ya mafuta ya kula, yale ya plastiki ya njano inayopitisha mwanga, akavikunja kwa pasi ya moto, akatoboa matundu mawili ya skrubu za kukaza kwa vidole. Wateja walimcheka. Mmoja wao, kijana wa muziki wa harusi tuliyemwita Braza Chande, alisema raki yake imevalishwa nepi. Fundi hakucheka. "Wewe unajua kilichoko nyuma, hutapeleka mkono," alimwambia. "Hiki sijakukatia wewe. Nimemkatia mama anayetafuta kiatu cha mwanawe nyuma ya spika, harusini, huku anaongea na shoga yake."

Alikuwa na sheria zake nyingine, na sasa hivi ninazifuata hadi vijana ninaofanya nao kazi wananitania. Ukitaka kupeleka mkono nyuma ya raki, unachomoa waya wa umeme wote, ukutani na kwenye raki, unauvaa shingoni kama shada la maua. Waya ukiwa shingoni mwako, hakuna atakayewasha raki wakati mkono wako uko ndani. Na ilikuwapo ile kamba. Suichi kuu ya karakana ilikuwa ya zamani, yenye mkono wa chuma wa kupandisha na kushusha. Fundi aliufunga mkono huo kamba nyekundu, akaipitisha ukutani kwa vipete, ikazunguka karakana nzima hadi mlango wa uani, urefu wa kiuno, ili mtu yeyote, popote aliposimama, aweze kuivuta na nyumba nzima izimike. Kwa Bi Zuwena ilikuwa kamba ya kuanikia. Alitundika vitambaa vya jikoni, mtandio, mara moja hata soksi za mumewe.

"Zuwena, ondoa nguo kwenye kamba."

"Sasa bwana, kamba isiyo na nguo ni kamba gani?"

"Hiyo kamba ni ya roho za watu."

"Basi roho zenyewe zisubiri vitambaa vikauke."

Nilikuwa nikisikia haya karibu kila siku huku nakaza skrubu, na ninapoandika natamani kuyasikia tena kuliko muziki wowote uliowahi kutoka kwenye raki zile. Wakati ule niliyaona ni kelele tu za nyumbani kwa watu. Sikujua kwamba nami nilikuwa nyumbani.

Chakula cha mchana kilikuwa cha wote. Bi Zuwena alikuna nazi, mimi nilishika moto kwa kuwa alisema moshi unamwumiza kifua. Siku nyingi ilikuwa wali na maharage ya nazi, Ijumaa pilau, na akipata samaki aliwapaka nazi na ukwaju hadi jirani aje kuuliza kuna nini. Saa saba Tumu alitoka shule. Hakupita mlango wa mbele, alizunguka uani, na kabla sijamwona nilisikia sauti yake, "Dada, bado?" Nikimjibu bado, alifungua pazia la karakana na kwenda kukaa kwenye kigoda chake. Kigoda kilikuwa nyuma ya raki, kati ya chuma na dirisha, mahali pekee penye upepo. Mkoba aliuweka sakafuni kando ya miguu. Pale alifanya hesabu zake, akisema jedwali kwa sauti, na Fundi, bila kugeuka kutoka kwenye kazi yake, alimsahihisha. "Saba mara nane?" "Hamsini na nne." "Mwambie mwalimu wako akurudishie muda wako." Nilimwuliza Fundi mara moja kama si hatari mtoto kukaa pale. Akainama, akagonga kifuniko cha dumu kwa ukucha, tok tok, akasema, "Meno yamefunikwa. Akae."

Jioni tulirudi chumbani kwetu. Tulikuwa na kitanda kimoja, taa moja na sahani mbili. Tumu alipenda kulala upande wa ukutani na kuniegemezea miguu yake mgongoni, baridi kama ya samaki. Alinisimulia mambo ya darasani kwa urefu ambao mambo yenyewe hayakustahili. Nilimsikiliza nusunusu. Nilikuwa nahesabu miezi: imebaki saba, imebaki minne. Kila mwezi uliopita nilimtazama kama baba mdogo atakavyomtazama. Anasoma, ndiyo. Anakula, ndiyo. Mwili ni mzima. Nafikiri mwaka mzima ule nilimtazama sana mdogo wangu na nikamwona kidogo.

Zilibaki kama wiki tatu kufika Idi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, mkaa umeingia maji. Kipepeo cha ukindu alikuwa amekiazima jirani tangu jana yake na hakukirudisha. Karakanani palikuwa na raki ya Braza Chande, imekwisha kila kitu, inangoja mwenyewe aje kuisikiliza. Nilikuwa nimeizima na kuchomoa waya ili nikaze kitu kidogo nyuma, waya ukiwa shingoni, kama sheria ilivyotaka. Nikasikia uani, "Dada, bado?" Nikatoka. Wali haukuwa hata umechemka. Tumu alisimama pale na mkoba, miguu imelowa tope, na mimi nikaingiwa na ile haraka ya mtu anayejua kwamba kuna siku atakuja kuulizwa kama mtoto anakula. Nikamwambia nawa miguu, kisha nenda kakae, dakika tu. Nikarudi ndani kutafuta cha kupepelea. Boksi halikuwapo. Sahani ya bati haikuwapo. Mbele ya macho yangu, nyuma ya raki, palikuwa na kipande cha plastiki kipana, chepesi, kigumu kiasi kile kile kinachotakiwa. Nikalegeza skrubu mbili kwa vidole. Raki ilikuwa imezimwa, waya ulikuwa shingoni mwangu, na nilijua nitakirudisha. Nikatoka nacho uani nikapepea. Kilipepea vizuri kuliko cha ukindu. Moto ukashika.

Nilikuwa nimechuchumaa pale, macho yananiwasha moshi, Braza Chande alipoingia kwa mlango wa mbele na makelele yake. "Fundi, nina harusi Kawe, bwana harusi ameshanyoa, mie bado sina muziki! Yuko wapi fundi sketi?" Fundi sketi nilikuwa mie. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anafunga spika ukutani. Akaita, "Saada! Mwashie mwenyewe asikilize." Nikaweka kile kipande cha plastiki kando ya jiko. Nikaingia, nikautoa waya shingoni, nikachomeka nyuma ya raki, juu, nikachomeka ukutani, nikawasha. Taa zikaja zote kwa mpangilio. Braza Chande akaongeza sauti hadi madirisha yakaimba, akaanza kucheza na bega moja. "Fundi sketi, leo umeua!" akasema. Nikacheka. Nikarudi kwenye wali.

Tumu hakupiga kelele. Daktari alinieleza baadaye kwamba hakuweza. Alikuwa ameinama bila kutazama, anapapasa mkoba wake sakafuni nyuma ya raki, kama alivyofanya kila siku ya mwaka ule. Muziki ulikuwa juu na hakuna aliyesikia lolote. Bi Zuwena alikuwa anaingia kutoka uani kuchukua kitambaa chake kwenye kamba. Aliona miguu ya Tumu, jinsi kandambili moja ilivyokuwa ikipiga sakafu haraka haraka peke yake. Hakumkimbilia mtoto, na kwa hilo mdogo wangu yu hai. Alishika kamba, pamoja na kitambaa, akaivuta kwa uzito wa mwili wake wote. Muziki ukakatika. Kwenye ule ukimya nilisikia kigoda kikianguka, na sauti ya Fundi kutoka juu ya ngazi, si ya kupayuka, sauti ndogo tu: "Nani kafungua meno?"

Umeme uliingilia kidole kimoja ukatokea kingine cha mkono ule ule wa kulia. Hospitali walisema ungepita kifuani tungeongea mengine. Vidole viwili viliungua hadi ndani, kano zikafa, na vilipopona vilibaki vimejikunja kiganjani, kama vimeshika kitu ambacho havitaki kukiachia. Siku ya tatu aliporudi nyumbani alikuwa anacheka. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto akaonesha kila mtu herufi zake zilizolala. Mimi sikuwa na uwezo wa kutazama mkono ule na sikuwa na uwezo wa kuacha kuutazama.

Fundi hakuniuliza. Kile kipande alikikuta mwenyewe kando ya jiko, ukingo mmoja umejikunja na kuwa mweusi mahali kaa lilipokigusa. Nilimwona anakigeuza, anautazama ule weusi, ananitazama mimi. Akachukua nyundo na msumari akakipigilia juu ya mlango wa uani. Akakata kingine, akakifunga, akaenda kunawa. Adhabu yangu ilikuwa kupita chini ya kile kipande kila nilipokwenda jikoni. Nilitaka anitukane. Siku moja, nikiosha vyombo uani, niliwasikia wakizungumza ndani, wao wawili, kwa sauti ya watu wanaodhani wako peke yao.

"Baba yao mdogo akija utamwambiaje?"

"Nitamwambia raki ni yangu, karakana yangu, kosa langu."

"Na yeye akienda polisi?"

"Akienda, kaenda. Zuwena, yule binti akinyang'anywa mtoto atabaki na nini?"

Nilimsikia Bi Zuwena akinyanyua kitu na kukiweka tena. Usiku ule ule Tumu naye alikuwa na mpango wake. Aliniambia tukiwa kitandani, mkono wake wenye bandeji juu ya kifua changu: "Dada, tutasema jiko. Watoto wote wanaunguaga na jiko. Hata Mwajuma wa darasani kwetu aliungua na jiko na hakupelekwa Kimbiji." Nikamwambia lala. Akasema, "Lakini tutasema jiko, eti?" Nikamwambia ndiyo.

Baba mdogo alikuja siku ya pili ya Idi, saa nne asubuhi, na safari hii alileta nazi. Tulikuwa tumealikwa kula kwa Fundi, kwa hiyo alitukuta pale, barazani, wote tumevaa nguo mpya. Tumu alimwamkia shikamoo akiwa ameficha mkono kwenye mtandio. Baba mdogo akaupokea ule mkono wa kushoto aliopewa, akauangalia, akauomba mwingine. Akavitazama vile vidole kwa muda. "Nini hiki?" Tumu akasema, "Jiko." Baba mdogo alikuwa mkulima, mikono yake imekatwa na kuungua kwa kila namna, hakudanganyika. Akamgeukia Fundi. Fundi akasimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, nyeupe mno, na alisema moja kwa moja kwamba mtoto alipigwa na umeme karakanani kwake, raki ilikuwa wazi nyuma, na mwenye kosa ni yeye.

Sijawahi kumsikia baba mdogo akipaza sauti ila siku ile. "Mtoto wa marehemu kaka yangu," alisema. "Unamweka nyuma ya mashine yako kama paka. Twende kituoni. Vaa viatu, twende sasa hivi." Fundi akainama kutafuta viatu vyake. Hakubishana. Alikuwa anavaa kweli. Na Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, amejishika mdomo, akinitazama, wala si kwa kunilaumu. Alikuwa anangoja tu kuona mimi ni nani. Nilimtazama Tumu. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kwamba nisiseme.

Nikasema, "Baba mdogo, ni mie. Kifuniko nilikitoa mie nikapepelee moto, nikasahau, nikawasha. Fundi alikuwa juu ya ngazi. Kipo pale juu ya mlango, nenda kakione kilivyoungua."

Alikwenda kukiona kweli. Alisimama chini yake, kofia mkononi. Aliporudi hasira zilikuwa zimemtoka na uso wake umezeeka. Alimwomba Fundi radhi. Kisha akaniambia, "Saada, si adhabu. Nataka ulijue hilo. Lakini tulikubaliana." Na tulikuwa tumekubaliana. Aliondoka naye adhuhuri ile ile, kabla ya pilau kuiva. Tumu alibeba mkoba wake wa shule na kandambili kwenye mfuko. Hakulia. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mzima, "Ungesema jiko tu, dada." Maneno hayo yamekaa nami kuliko maneno mengine yote niliyoambiwa na yeyote.

Watu huuliza kwa nini sikumrudisha nilipopata maisha. Nilikwenda. Alipomaliza darasa la saba nilikuwa na vyumba viwili, nikafunga safari hadi Kimbiji kumwomba. Nilimkuta akifunga mbuzi, mrefu, anacheka na wasichana wenzake. Alinisikiliza kwa adabu, akaniletea maji ya kunywa kwenye trei, akasema atakuja Idi. Akaja Idi. Alipiga hodi. Nilikaa kwa Fundi miaka mingine minane, kisha nikaanza kazi zangu mwenyewe. Sasa nafunga raki za kamera na mtandao kwenye maofisi, chuma chembamba, taa ndogo ndogo za kijani, na hata hizo nyuma zina meno. Siku hizi vifuniko vinanunuliwa. Kama hakuna, nakata dumu.

Basi tulikwenda Temeke, mimi na Tumu, kila mmoja akitoka upande wake, tukakutana barazani. Karakana ilikuwa tupu, alama za raki zimebaki sakafuni. Ile kamba nyekundu bado ilikuwa ukutani, imepauka, na juu yake kimetundikwa kitambaa cha jikoni, kibichi. Bi Zuwena alimwambia Tumu akishushe kile kipande juu ya mlango kwa kuwa yeye ndiye mrefu. Tumu akakishusha kwa mkono wake wa kulia, kikakaa vizuri kabisa kati ya vile vidole viwili vilivyojikunja na kiganja. Akakipuliza vumbi. Akautazama ule ukingo mweusi.

"Dada," akasema bila kuniangalia. "Siku ile nilikuwa nimeshiba. Mwajuma alinipa mihogo ya kukaanga shuleni, nikala yote. Niliuliza bado kwa mazoea tu. Nilipenda ukinijibu." Akakigeuza kile kipande. "Nimekuwaga najiuliza, ningenyamaza siku ile moja, ungekuwa na haraka?"

Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nakigeuza kipande kile mkononi. Bi Zuwena ndiye aliyetuokoa, kama desturi yake. Alisema gesi imekwisha, mtungi hajaletewa, kama tunataka kula basi jiko liko pale pale na mkaa upo, yeye na kifua chake haingii moshini. Tumu akavua viatu. Akaenda uani, akapanga mkaa, akauliza, "Dada, kisu kiko wapi?" Nikamwonesha. Akawasha, akachuchumaa, akaanza kupepea kwa kile kipande cha dumu. Mimi nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake kidogo, mahali penye upepo, mikono mitupu mapajani. Moto ulikuwa mvivu. Nikamtazama mgongo wake, jinsi bega lilivyokwenda na kurudi, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza.

"Tumu, bado?"

"Bado, dada," akasema, hakugeuka. "Usiniharakishe."